Klabu yetu ya judo ilianza lini?

Fundi wa kuchapa fulana pale Kariakoo aligeuza kompyuta yake ili nione vizuri. Mchoro umekaa sawa: watu wawili wameshikana kola, mmoja miguu iko juu, na chini yao jina la klabu yetu kwa herufi za buluu. Chini kabisa ameandika TANGU, halafu pameachwa wazi.

"Mwaka gani niweke, dada?"

Nikampigia mwenyekiti, akanitajia mwaka. Ila kwa kuwa ni mtu makini, akauliza pia kwenye kundi la WhatsApp ili wenzake wathibitishe, na kabla fundi hajamaliza kuniandikia risiti majibu yalikuwa matatu, hakuna linalofanana na jingine. Mzee wetu mmoja akaandika kwa herufi kubwa tupu kwamba tunataka kupotosha historia.

Nikamwambia fundi aache hivyo hivyo. Fulana zikatoka bila mwaka, bila hata lile neno TANGU, na watoto wakazivaa wakafurahi. Lakini mimi ndiye katibu wa klabu. Kazi ya kuutafuta huo mwaka imeniangukia mimi, na kwa wiki nyingi sasa swali hili nalala nalo na kuamka nalo.

Kila mwaka na mtu wake

Wazee wetu hawataji miaka kwa tarakimu. Mmoja anasema walianza kabla ya mvua za El Niño, maana anakumbuka maji yalivyoingia ukumbini na kuharibu vifaa. Kwa hiyo kufikia mwishoni mwa 1997 vifaa vilikuwapo vya kuharibika. Mwingine, anayejihesabu miongoni mwa waanzilishi, anaapa kwamba siku bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani, Agosti 1998, yeye alikuwa bado kwenye ngumi za ridhaa na hajawahi kuvaa judogi, yaani sare ya judo. Wa tatu anashika cheti cha usajili, na cheti kilitoka baada ya msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999.

Huyu wa tatu ana hoja. Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria ya 1967, na machoni pa msajili klabu ni ile yenye katiba, viongozi na cheti. Hayo mengine ni watu wanaojifurahisha jioni.

Nilipokaa na mmoja mmoja ndipo nikaona kwamba tatizo si kumbukumbu kuchoka. Kila mwaka una mtu nyuma yake. Mwaka wa kabla ya El Niño ni wa kijana wa Kijapani aliyekuja na judo yake. Mwaka wa bomu ni wa wale vijana wa ngumi waliohamia kwetu kwa kundi, wakaleta nidhamu ya mazoezi na ada ya kila mwezi. Mwaka wa cheti ni wa waliosaini: mwenyekiti, katibu, mtunza hazina. Ukichagua mwaka umeshachagua picha ya nani itundikwe mbele.

Na kwa nini haya yamekuja sasa? Kwa sababu ya Paris. Mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu, mcheza judo, alikuwa miongoni mwa waliobeba bendera ya Tanzania kwenye Olimpiki, akashindana uzani wa kilo 73. Baada ya hapo wazazi waliokuwa wanaita mchezo wetu "karate" wakaanza kuja kuuliza ada. Mtoto mmoja, mfupi, mkanda mweupe unamzunguka kiuno mara mbili na bado unaning'inia, akaniuliza kama Mlugu alipita kwetu. Nikamwambia hapana.

"Sasa kwetu alipita nani?"

Sikuwa na jibu la kumtosha.

Kano naye alikuwa mwanafunzi

Kila mcheza judo anajua 1882. Mwaka huo Jigoro Kano, kijana wa miaka 21, alianza kufundisha kwenye hekalu la Eishoji, Tokyo, kwenye nafasi ya tatami 12, yaani mikeka ya kuchezea, na mwaka huo wa kwanza wanafunzi wake walikuwa tisa. Kodokan, shule aliyoianzisha, inasema 1882 bila kusitasita, na sisi tunarudia.

Ila mwaka huo Kano mwenyewe alikuwa bado anafundishwa. Mwalimu wake wa kwanza wa jujutsu, mieleka ya kale ya Kijapani iliyozaa judo, Fukuda Hachinosuke, alikuwa ameshafariki. Wa pili, Iso Masatomo, naye ameshafariki. Wa tatu, Iikubo Tsunetoshi, alikuwa anakuja pale pale hekaluni kumsaidia kufundisha, na Kano alikuwa bado anapata kipigo kutoka kwake. Hati ya ualimu ya mtindo wa Kito-ryu aliipata 1883, judo ikiwa imeshatimiza mwaka.

Kwa hiyo 1882 ni mwaka uliochaguliwa. Wangeweza kuchagua 1877, Kano alipompata Fukuda. Wangeweza kuchagua siku alipomwangusha Iikubo naye Iikubo asiweze tena kumwangusha. Walichagua siku kijana ambaye hajahitimu alipofungua mlango na kupokea watu.

Tena waliandika majina. Kodokan iliweka daftari la wanaojiunga, na jina la kwanza mle ndani ni la Tomita Tsunejiro.

Niliposoma hilo nikajua ninachotakiwa kutafuta. Lazima na sisi tulikuwa na daftari.

Maranda ya Keko

Kabla sijafika kwenye daftari, niseme juu ya turubai, kwa sababu wadogo zetu wameikuta klabu ina tatami za kweli na hawajui.

Uwanja wa mashindano ya judo una mita 8 hadi 10 kila upande, bila kuhesabu ukingo wa usalama, na unapangwa kwa vipande vya mita moja kwa mbili. Sisi tulikuwa na fremu ya mbao iliyopigwa misumari sakafuni. Ndani ya fremu tulijaza maranda na vumbi la mbao kutoka kwa mafundi samani wa Keko, waliokuwa wanatupa bure mradi tubebe wenyewe. Juu yake turubai la lori, limevutwa na kufungwa kamba pembeni kwenye matundu yake ya chuma. Ukilikaza vizuri, linakuwa gumu kidogo lakini linameza kishindo. Likilegea, mguu unazama, mwenzako akikugeuza kifundo kinateguka. Ndiyo maana hatukuweka magodoro. Watu wengi walitushauri magodoro, na ushauri ule ungetujaza bendeji.

Maranda yanashindiliana. Kila baada ya muda ilibidi kufungua kamba zote, kukunja turubai, na kugeuza maranda kwa reki mpaka yalegee, kisha kuongeza magunia mapya. Masika yalikuwa yanaota ukungu. Kila aliyepita pale anaijua harufu ya mninga uliolowa, inaingia kwenye judogi na haitoki hata ufue kwa sabuni gani.

Na judogi zenyewe zilikuwa za mtumba kutoka Japani. Yangu ya kwanza ilikuwa na jina la mwenyewe limedariziwa kwa uzi wa bluu iliyokoza kwenye pindo la koti, maandishi ya Kijapani nisiyoweza kuyasoma. Kola ilikuwa imeshalika upande wa kushoto, pale mpinzani anaposhika, na fundi cherehani wa Tandika akaiwekea kitambaa kingine juu, akapitisha mishono iliyobanana mpaka ikawa ngumu kuliko ya kiwandani. Niliivaa miaka mingi. Mpaka leo sijui huyo mtu ni nani, na nimeanguka naye mara nyingi kuliko ndugu yangu yeyote.

Kuanguka ndilo somo la kwanza. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wako mwenyewe, ili kisogo kisiguse chini. Mkono unapiga turubai wakati mmoja na mgongo, kiganja kikitazama chini, si mbali na mwili, nyuzi 45 au pungufu. Ukiupeleka mbali unaumiza bega. Ukiutanguliza nyuma ili ujizuie, unavunja kifundo au kiwiko. Mwili hautaki kukubali haya. Mwili unataka kujizuia. Kazi yote ya miezi ya mwanzo ni kuuzoesha usijizuie.

Kaunta buku

Mtunza hazina wetu wa kwanza ameshatangulia mbele ya haki. Mjane wake alinikaribisha nyumbani, akanipa chai na maandazi, akasikiliza ombi langu bila kusema neno, kisha akaingia ndani. Alirudi na mfuko wa rambo wa zamani, ule wa enzi kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku. Ndani yake kulikuwa na kaunta buku yenye jalada jeusi na mgongo mwekundu. Mchwa walikuwa wamekula pembe moja, chini kulia, kurasa zote.

"Alikuwa anasema msiitupe," akaniambia. "Sasa na wewe usiitupe."

Kurasa za mwanzo ni za yule Mjapani. Alikuja kwa mpango wa serikali yao wa vijana wa kujitolea, ulioanza 1965, ambao kwa kawaida huwaweka watu nchini kwa miaka miwili. Amepiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu: tarehe, jina, mkanda, ada, zoezi, mwalimu. Majina yetu ya Kiswahili ameyaandika kwa herufi zilizotengana, kila herufi imesimama peke yake. Kwenye safu ya mwalimu ameandika jina lake kila siku, hata siku ambayo mwanafunzi ni mmoja.

Halafu mwandiko wake unakoma. Ukurasa umebaki nusu.

Mistari michache imeachwa wazi. Kisha inaanza tarehe nyingine, majuma kadhaa mbele, kwa penseli, mwandiko wa haraka unaolalia kushoto. Majina manne. Safu ya mwalimu: "hayupo". Siku inayofuata majina matano, mwalimu "hayupo". Hivyo hivyo kurasa mbili. Ukifika ukurasa wa tatu, safu ya mwalimu ina jina la mtu. Nikafuata mstari huo huo kurudi kushoto ili nione mkanda wake.

Njano.

Asiyecheza judo hataona uzito wake. Baada ya mweupe ndiyo njano, halafu machungwa, kijani, buluu, kahawia, ndipo mweusi. Njano ni mtu aliyejifunza jana. Na bado mtu huyu aliandikwa mwalimu, siku baada ya siku, na kwenye safu ya zoezi kuna neno moja, "ukemi", kisha alama za kurudia chini yake mpaka mwisho wa ukurasa, na ukurasa unaofuata, na unaofuata.

Ukemi ni kuanguka. Walikuwa wanaanguka tu.

Niliifunga kaunta buku nikiwa na hakika. Mjapani alipokuja, hapakuwa na klabu. Palikuwa na mwalimu na wanafunzi wake. Klabu ilianza alipoondoka, siku watu wanne walipokuja mazoezini wakijua hakuna wa kuwafundisha, na mmoja wao akachukua penseli akaandika kwamba wamekuja.

Mwenye ufunguo

Nilimpata Mbagala. Ni fundi wa friji, kibanda chake kiko nyuma ya maduka, friji tatu zimelazwa nje migongo juu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Friji gani?"

"Si friji. Ni judo."

Akaweka bisibisi chini. Alinitazama muda, akanivutia kiti cha plastiki.

Mwaka haukumbuki. Nilimtajia El Niño, nikamtajia bomu, akasema yote yalitokea na yeye alikuwepo mjini, ila hawezi kusema lipi lilitangulia lipi kwa mambo ya judo. Anachokumbuka ni hofu.

"Mimi sikumfundisha mtu. Mimi nilikuwa na ufunguo. Mjapani aliniachia kwa sababu nilikuwa nakaa karibu. Sasa unafika unakuta vijana wamekaa ngazini, utawaambiaje warudi kwao? Nikafungua. Mitupo nilikuwa najua miwili mitatu, na nilikuwa najua vibaya. Osoto-gari, ile ya kumfyeka mguu kwa nyuma, anakwenda kinyumenyume kichwa kimetangulia. Mtoto wa watu akivunja shingo, nani anakwenda kumwambia mama yake? Mimi. Kwa hiyo nikasema tuanguke. Wakasema kaka tumechoka kuanguka. Nikawaambia basi pumzikeni, keshokutwa tuje tuanguke tena."

Daftari linaonyesha ilikwenda hivyo kwa miezi. Baadaye akaja afande mmoja wa mkanda wa kahawia, ndiye aliyewafundisha mitupo. Wazee wanasimulia kwamba siku ya kwanza afande yule alimtupa kila mmoja kwa zamu, wote wakainuka, akauliza nani kawafundisha hawa kuanguka. Fundi wangu hakuwepo kusikia. Alikuwa amepata kibarua cha usiku na ufunguo ameukabidhi kwa mwingine. Mkanda wake haukupita njano.

Nilimwambia nataka kumwandika kama mwanzilishi. Akakataa kabla sijamaliza sentensi.

"Usiniandike. Utanigombanisha na watu. Waanzilishi wapo, wana vyeti."

Nilirudi nyumbani na daladala iliyojaa, nikiwa sina hakika tena. Kuna haki gani ya kumpa mtu heshima anayoikataa? Lakini pia kuna haki gani ya kuificha kaunta buku kwa sababu aliyetajwa mle ni mpole?

Pingamizi la Mzee

Mzee wa herufi kubwa nilimfuata kwake, maana mambo haya hayamaliziki kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu, badala ya kunijibu, akaanza kunisimulia Tokyo 1964.

Anapenda kisa hiki, na nimekisikia kwake tangu nikiwa mdogo. Ndiyo Olimpiki ya kwanza kuwa na judo. Wanariadha wetu walikuwapo Tokyo mwaka huo, wakiwa bado wanaitwa Tanganyika. Tarehe 23 Oktoba, ndani ya Nippon Budokan, Mholanzi Anton Geesink, mtu wa karibu mita mbili, alimlaza Akio Kaminaga na kumbana chini mpaka muda ukaisha, mbele ya Wajapani walioamini uzani ule wa wazi, usio na kikomo cha kilo, ni wao. Mashabiki wa Uholanzi wakainuka kukimbilia uwanjani. Geesink akainua mkono kuwazuia. Mzee akifika hapo na yeye huinua wake.

"Umeona? Amemshinda mwenye nyumba, lakini hakukubali nyumba ya watu ikanyagwe na viatu. Sasa nyie mnataka kuhesabu toka mgeni alipoondoka. Yule kijana alishona turubai la kwanza kwa mkono wake, vidole vinatoka damu. Alifundisha akiwa na malaria. Mkisema klabu imeanza alipoondoka, mnamfukuza."

Hili lilinichoma, na bado linanichoma ninapoandika. Nimelipima kwa kutazama ng'ambo ya maji. Zanzibar walipata Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyeweka makazi kule na kufundisha judo miaka nenda rudi. Mwalimu hakuondoka, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuchagua kati yake na waliomfuata. Sisi wa kwetu aliondoka kwa sababu mkataba ulikwisha, si kwa sababu alituchoka. Kumwanzia hesabu pale alipokosekana ni kama kumlaumu kwa tiketi ya ndege aliyokatiwa na wengine.

Lakini Mzee na mimi tunaongea vitu viwili. Yeye anazungumzia deni, na deni lipo, nitaliandika kwenye mstari wa kwanza na jina la yule kijana, nikipata ridhaa yake. Mimi nauliza ni lini jambo hili likawa letu. Vijana wa Kijapani wa kujitolea wamefundisha judo nchi nyingi, na si kila mahali turubai liliendelea kukazwa walipopanda ndege. Kwetu liliendelea. Kuna mtu alikwenda Keko kubeba maranda bila kuambiwa na yeyote.

Nilimwambia hivyo. Akasema atafikiri. Kwa Mzee huyu hiyo ni hatua kubwa.

Sisi hatumo

Nilidhani mwisho ni hapo. Nikampelekea daftari dada aliyenifundisha mimi kuanguka, mwanamke wa kwanza wa klabu yetu kuvaa mkanda wa kahawia. Nilitaka afurahi nami. Alifungua kurasa taratibu, akipitisha kidole kwenye majina, mpaka mwisho.

"Ukianza na hili daftari," akasema, "sisi hatumo."

Ni kweli. Hakuna jina la mwanamke hata moja kwenye kurasa za penseli. Na yeye alikuwepo. Alikuwa anakaa barazani, nje ya mlango, na wasichana wengine wawili, kwa sababu wakubwa walisema turubai halitoshi. Majina manne ndani, na turubai halitoshi! Wakati huo medali za judo za wanawake zilikuwa zimeshagawiwa Olimpiki ya Barcelona, 1992.

Kuanguka alifundishwa na kaka yake, mmoja wa wale wanne. Jirani yao alikuwa anajenga na alimwaga lori zima la mchanga uani. Jioni kaka akirudi mazoezini anamwonyesha alichojifunza, na yeye anaanguka kwenye rundo lile mpaka mama yao awaite. Mchanga ulipoisha alikuwa ameshajua. Walipomruhusu kuingia ndani, hakuhitaji kuanza mwanzo.

Nikamsimulia habari za Keiko Fukuda, ambaye babu yake alikuwa ndiye yule Fukuda Hachinosuke, mwalimu wa kwanza wa Kano. Kano alimwita mjukuu huyo aje kujifunza. Akajifunza, akafundisha, akahamia Marekani, na kwa takriban miaka ishirini akabaki dani ya tano, ngazi ya tano ya mkanda mweusi, kwa sababu utaratibu haukumruhusu mwanamke kupanda zaidi. Dani ya sita aliipata 1972. Dani ya kumi alipewa na chama cha Marekani mwaka 2011, akiwa na miaka 98, na akafariki 2013. Familia yake ilikuwepo kabla ya judo yenyewe, na bado aliwekwa barazani.

Dada alinyamaza kidogo. "Basi na yeye angeangalia daftari lao ajitafute," akasema, akanirudishia kaunta buku.

Tangu siku hiyo nimeacha kutafuta mwaka peke yake. Mkutano mkuu ukikaa nitasema msimamo wangu wazi: mwaka wa klabu uhesabiwe kutoka ukurasa wa penseli, Mjapani atajwe juu yake kama mwalimu wetu wa kwanza, na fundi wa friji aombwe tena, safari hii na wazee wenyewe, si na mimi. Wakinishinda kwa kura nitakubali. Ila daftari kama lilivyo halitoshi, kwa sababu linawajua tu walioingia mlangoni na kulipa ada.

Kwa hiyo nimenunua kaunta buku nyingine. Nimepiga safu mbili tu: nani alikufundisha kuanguka, na wewe ulimfundisha nani. Mstari wangu umeshajaa. Mimi nilifundishwa na dada, dada na kaka yake kwenye mchanga, kaka yake na fundi wa friji, fundi na Mjapani. Chini yangu kuna watoto kadhaa, akiwemo yule wa mkanda unaoning'inia, ambaye safari hii nilimjibu swali lake.

Kama ulipita kwenye turubai lile, ndani au barazani, hata kwa mwezi mmoja, hata kama hukuvaa mkanda wowote, niandikie hayo mawili. Mwaka ukiukumbuka, taja. Usipoukumbuka, niambie kulikuwa na mvua gani, msiba gani, Simba au Yanga kachukua ubingwa, na mimi nitautafuta. Hasa namtafuta yeyote wa wale wasichana wawili waliokuwa wanakaa barazani na dada. Mmoja anasemekana alihamia Kigamboni. Wa pili hakuna anayejua.